Mkeka na Kilicho Chini Yake

Kwa madhehebu ya Imamu Shafi, mavi ya ng'ombe ni najisi. Naliweka hilo mbele kabisa nisije nikasingiziwa kwamba nimekaa na Wabarabaigi hadi nikasahau kitabu. Ni najisi yakiwa mabichi, ni najisi yakikauka, na kuyakanda na udongo hakuyatakasi. Hapa Balangdalalu nyumba za tembe zimesiribwa kwa hayo hayo, ukutani na chini, nami ni mwalimu wa chuo: nafundisha watoto alifu, udhu na sharti za swala. Wengi wa watoto wangu ni wa damu mbili. Baba ni Mrangi wa Kondoa kama mimi, au Mnyaturu wa Kiislamu, na mama ana wazazi wake kwenye maboma ya Wabarabaigi au kwa Wairaqw. Likizo wanakwenda kwa bibi, wanalala chini, wanarudi na maswali. Mwaka huu swali limekuja kwa mdomo wa binti wa darasa la tano: "Bi Mwalimu, wanasema kwa bibi nyumba nzima ni najisi. Sasa kule niswali wapi?"

Aliyelipanda swali hilo namjua. Ni mgeni mmoja mwenye elimu, alikuja na watu wa mjini kwenye msiba. Nyumba ya msiba ilikuwa tembe. Alipofika mlangoni akanusa, akatazama chini, akarudi nyuma na kwenda kusimama chini ya mgunga, akaletewa kiti. Adhuhuri ilipoingia akasema, kwa sauti ya kusikika hadi jikoni, kwamba nyumba hii haiswaliki. Wenye nyumba si Waislamu, lakini Kiswahili wanakielewa kama wewe na mimi. Mama mwenye nyumba alikuwa amesiriba upya siku moja kabla, kwa heshima ya wageni.

Hukumu aliyokuwa nayo mkononi ni sahihi. Na bado naona aliondoka pale akiwa ameivunja dini mahali fulani, na tangu siku hiyo nimekuwa nikitafuta ni wapi hasa.

Nianze na sakafu yenyewe, maana wengi wanaoihukumu hawajawahi kuiona ikitengenezwa. Ardhi ya ndani hulowanishwa, ikashindiliwa kwa mti mzito mpaka kisigino kisiache alama. Juu yake hutandazwa udongo wa kichuguu uliochekechwa, kwa kuwa mchwa wameshausaga na kuufunga kwa mate yao, na ukikauka haumung'unyiki. Kisha yanatafutwa mavi ya asubuhi, ya ng'ombe waliolala zizini, kabla jua halijayapiga. Yakishaota ukoko hayashiki. Yanakandwa kwa maji na majivu kidogo, hadi yawe mazito na yateleze vidoleni. Mama huanzia kona ya ndani kabisa, akarudi kinyumenyume kwa magoti kuelekea mlangoni, kiganja kikichora nusu duara juu ya nusu duara. Akifika kizingitini anatoka, na hapiti mtu hadi jua lizunguke. Ng'ombe amekula majani, na zile nyuzi ambazo tumbo lake limeshindwa kuzisaga ndizo zinazoushika udongo usipasuke. Siku ya kwanza harufu ipo. Siku ya tatu imebaki kama ya nyasi kavu, na baada ya hapo hakuna.

Faida zake anayelala juu yake anazijua. Vumbi hakuna, na pasipo na vumbi funza hawana pa kuzalia. Mwezi wa saba, upepo unaposhuka kutoka mlima Hanang usiku, sakafu hiyo haiumi nyayo kama inavyouma saruji, sembuse marumaru. Ikichakaa, mwenye nyumba haagizi kitu dukani. Muuguzi wa zahanati atakuonya usimlaze mtoto mchanga mwenye kitovu kibichi karibu nayo, kwa sababu vijidudu vya pepopunda hukaa kwenye mavi, na muuguzi huyo asikilizwe. Siwatetei Wabarabaigi kwa upofu. Ila bibi yangu mzaa baba, Kondoa, mwanamke ambaye sikumbuki akiikosa Alfajiri, naye alisiriba hivyo hivyo kwa mikono yake miwili, akatandika ngozi ya mbuzi, akaswali, akafa Mwislamu. Hakuna shehe aliyesimama chini ya mti kwa ajili yake.

Wanazuoni wenyewe wala hawakukubaliana. Imamu Malik aliona kinyesi cha mnyama anayeliwa nyama ni twahara, na Imamu Ahmad vivyo hivyo. Wanategemea hadithi ya Anas kwamba Mtume, kabla msikiti wa Madina haujajengwa, alikuwa akiswali kwenye mazizi ya kondoo na mbuzi, na zizi bila kinyesi ni zizi gani? Wanategemea pia habari ya wale watu wa Urayna waliougua Madina wakaambiwa wakanywe maziwa na mkojo wa ngamia. Mashafi wanajibu kwa hadithi ya Ibn Masud, aliyetumwa mawe matatu ya kujisafishia akapata mawili na kipande cha kinyesi kikavu. Mtume alipokea mawe na kukitupa kile kipande, akasema ni uchafu. Habari ya mkojo wa ngamia wanasema ilikuwa dawa, na dawa ina mlango wake. Mimi ni Mshafi kwa kuzaliwa na kwa kufundishwa, siwezi kuhamia kwa Malik kila sakafu inaponibana. Mtu anayeruka madhehebu kwa kufuata wepesi tu, mwisho hana hata moja.

Lakini Imamu Shafi mwenyewe aliulizwa jambo linalofanana na letu. Wafinyanzi walikuwa wakichanganya udongo na samadi kutengeneza vyungu, watu wakataka kujua kama maji ya udhu yanafaa kuwekwa humo. Jibu lake wanazuoni wamelifanya kanuni: jambo likiwabana watu kiasi cha kukosa pa kupitia, sheria huwapanulia. Wafuasi wake waliendelea na njia hiyo. Tope la barabarani, hata ukijua limechanganyika na najisi, kiasi ambacho mpitaji hawezi kukiepuka kimesamehewa. Nililikumbuka sana hilo Desemba 2023, maporomoko ya Hanang yalipoingia Katesh na Gendabi na vijiji vya jirani, watu zaidi ya 80 wakafa, na tope likajaa vyumbani hadi madirishani. Hakuna aliyeweza kusema kilichomo ndani ya tope lile. Waliookoka waliswali palepale, juu ya chochote walichokipata.

Na kwa sakafu kavu ya samadi hata msamaha hauhitajiki. Tandika mkeka. Sharti la swala ni kwamba kinachogusa mwili wako na nguo yako kiwe twahara. Kilicho chini ya mkeka, kikiwa kikavu, hakikudhuru. Wapo wanaoona kuna karaha kuswali na najisi chini yako hata kama kuna kizuizi, lakini swala imesihi. Kwa hiyo binti wa darasa la tano nilimjibu kwa sentensi moja: beba mkeka wako. Mgeni wa chini ya mgunga alikuwa na mswala kwenye gari. Nimeuona kwa macho yangu, wa manyoya, wenye picha ya Al-Kaaba.

Kuna kipengele kimoja kidogo ambacho mwanafunzi mzuri atakiuliza. Ukitoka kutia udhu, nyayo zimelowa. Najisi kavu haihami kwenda kwenye kikavu, lakini unyevu unaibeba. Utavukaje kutoka mlangoni hadi mkekani? Mwaka ule nilipomuuguza wifi yangu kwenye boma la jamaa zake, mwenyeji wetu, mama wa Kibarabaigi ambaye hajawahi kukanyaga msikitini, aliniona Adhuhuri nimesimama kizingitini nikisubiri miguu ikauke. Hakuniuliza kitu. Alasiri nikakuta katambuga za mwanawe mlangoni, zimeoshwa, zimeelekezwa ndani. Nikavaa, nikavuka, nikazivua pembeni mwa mkeka. Ziliwekwa pale kila kipindi hadi tulipoondoka. Fiqhi ya jambo hilo mimi ilinichukua miaka kuielewa, naye aliifikia kwa kumtazama mgeni wake.

Hapa ndipo naanza kuona alipokosea yule bwana. Najisi ni hukumu ya swala yangu. Inanihusu mimi, nguo yangu, paji langu la uso na pale linapogusa. Haikushushwa iwe kipimo cha nyumba ya jirani wala cha mikono iliyoisiriba. Yeye aliichukua hukumu ya mkeka akaifanya hukumu ya watu.

Sasa niingize gome, kwa sababu ndilo lililonifanya nikae chini kuandika.

Mtoto wa dada yangu ni fundi wa sakafu Arusha. Anajenga nyumba yake hapa kwetu, na mwezi uliopita alikuja na kipande cha kunionyesha, mraba wa rangi ya asali iliyokolea, wenye madoadoa, mwepesi hata nikadhani ni boksi. "Mama mdogo, kanyaga." Nikavua kandambili. Kilikuwa na joto, na kilibonyea kidogo chini ya kisigino kisha kikarudi. Nikapiga magoti juu yake, maana magoti yangu ndiyo yanayonisumbua siku hizi kwenye tahiyatu, yakatulia. Nikamwaga tone la maji; likakaa juu kama lilivyo. Nikauliza ni nini. Akasema ni koki, si ya bomba, ile ya gome la kuzibia chupa. Chupa za nini, nikamuuliza, na sote tukacheka, maana jibu tunalijua.

Kuziba chupa ya mvinyo hakulifanyi gome kuwa mvinyo. Hilo lilikuwa jepesi. Nilichotaka kujua ni linatoka wapi na linatokaje, naye, kama mafundi wazuri, alikuwa amejifunza kitu anachokiuza.

Ni gome la aina moja ya mwaloni unaomea Ureno, Hispania na Afrika Kaskazini. Msitu wa Maamora karibu na Rabat, Moroko, ni wa miti hiyo, na wenyeji wake ni Wamaliki, kwa hiyo kwao gome ni twahara na mavi ya ng'ombe nayo twahara. Ureno peke yake hutoa karibu nusu ya gome lote duniani. Mti haukatwi. Ukifikisha miaka kama 25 na shina likanenepa vya kutosha, fundi mwenye shoka huuchanja wakati wa kiangazi, utomvu unapotembea na gome linapokubali kuachia, akalibandua kwa mapande marefu bila kuugusa utando wa ndani unaoulisha mti. Akiujeruhi huo, mti unaumia. Baada ya hapo huandikwa tarakimu kwa rangi kwenye shina, ya mwisho ya mwaka ule, na hauguswi tena hadi miaka tisa ipite. Sheria ya Ureno ndiyo inayosema hivyo. Mti mmoja unaweza kuishi miaka 200 ukivuliwa na kujivika, ukivuliwa na kujivika.

Mapande hukaa nje miezi, yakachemshwa, yakanyooshwa. Mazuri hutobolewa vizibo, na hicho ndicho chenye bei. Sakafu hutokana na masalia: chenga, kingo, gome la kwanza lenye kukwaruza lisilofaa kwa kizibo. Vinasagwa kuwa punje, vinachanganywa na gundi, vinagandamizwa kwa joto kwenye kalibu, bonge linalotoka linachanwa vibao, linapigwa msasa na kupakwa vanishi au nta. Gundi siku hizi ni ya kiwandani, si ya mifupa, nilihakikisha. Ulaini wake ni wa hewa. Robert Hooke, Mwingereza, aliliweka gome hili chini ya hadubini yake na mwaka 1665 akachapisha alichokiona: vyumba vidogo vidogo vimepangana. Kwenye sentimita moja ya ujazo viko kama milioni 40, vimejaa hewa, kuta zake zina nta isiyopitisha maji. Ndiyo maana haliruhusu baridi ya saruji kupanda, linameza kishindo cha miguu, na ukiliangushia bilauri huenda ikapona.

Matajiri wa Ulaya, nikamwambia mpwa wangu, wamezunguka dunia nzima wakarudi kwenye sakafu ya bibi yangu: kitu kilichotoka kwa kiumbe hai, kikakandwa, kikagandamizwa, kikawa na joto chini ya mguu. Hakupenda. Anauza kwa mita ya mraba.

Mimi lakini kilichonikaa ni ile tarakimu kwenye shina. Dini yetu ina neno zito juu ya kuchukua kutoka kwa kilicho hai. Mtume alipofika Madina aliwakuta watu wakikata nundu za ngamia na mikia ya mafuta ya kondoo, wanyama wakiwa wazima, wakala. Akasema kinachokatwa kwa mnyama aliye hai hukumu yake ni mzoga. Sufi ya kondoo tumeruhusiwa, maana kuikata si kumjeruhi. Maziwa tumeruhusiwa, na kwa sharti: asikamuliwe hadi ndama akakosa, na mkamuaji aambiwe abakishe kidogo kiweleni, kile kinachoyaita maziwa mengine. Wabarabaigi wanamtoa ng'ombe damu kwa mshale kwenye mshipa wa shingo, wakaziba jeraha, ng'ombe akarudi malishoni. Hiyo kwetu haramu. Damu inayotiririka imetajwa kwenye Kurani na hakuna la kujadili. Lakini nao hawamchomi ng'ombe yule yule kila siku. Wanampumzisha. Kwenye kila moja ya hayo kuna mkono unaochukua na kuna kitu kinachouambia mkono huo basi. Mti hauna hukumu ya mzoga, gome lake ni twahara hata likibanduliwa kila mwezi. Hiyo miaka tisa haikutoka kwenye twahara. Imetoka kwenye haki, na haki ina mlango wake.

Na mlango huo ndio unaonikosesha raha, nikisoma vitabu vyangu.

Kuna mas'ala ya mtu anayeswali kwenye ardhi ya kunyang'anya. Imamu Nawawi ameyaeleza, na kauli ya Mashafi ni kwamba kukaa pale ni haramu na kuswali pale ni haramu, lakini swala yenyewe imesihi, hailipwi. Wahanafi na Wamaliki nao wamesema imesihi. Imamu Ahmad katika kauli yake mashuhuri akasema hapana, swala hiyo ni batili. Sasa iweke kando ya mavi ya ng'ombe uone. Kwa madhehebu yangu, nikiswali bila mkeka juu ya sakafu ya yule mama aliyeniwekea katambuga, swala yangu ni batili. Nikiswali kwenye shamba la mtu aliyefukuzwa, swala imesihi. Najua sababu ya kitaalamu: twahara ni sharti la ndani ya swala, na dhuluma ni dhambi iliyosimama nje yake. Naifundisha hivyo hivyo. Lakini sifundishi kwa moyo mtulivu, hasa nikiwa naifundisha wilaya ya Hanang.

Maana hapa ardhi ina historia. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali, kwa msaada wa Kanada, ilifungua mashamba ya ngano nyanda za Basotu, yakawa ya shirika la NAFCO, na yakakua hadi ekari kama laki moja. Yalikuwa malisho bora ya Wabarabaigi, ya kurudiwa kwa msimu: mifugo inakula, inaondoka, majani yanapata nafasi. Matrekta hayakuondoka. Yalilima hadi makaburi. Mzee wa Kibarabaigi mwenye heshima hujengewa kilima cha udongo juu ya kaburi, bung'eda, na kizazi baada ya kizazi hurudi pale. Baadhi ya vilima hivyo vilipitiwa na plau. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mahakama Kuu ikawasikiliza, na mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaipindua hukumu ile, moja ya hoja ikiwa kwamba wadai hawakuthibitisha kuwa wao ni wenyeji kwa maana ya sheria ya ardhi iliyoachwa na mkoloni. Baadaye baadhi ya mashamba yalirudishwa kwa vijiji. Mkate wa ngano ile Watanzania tulikula, Waislamu na Wakristo, na hatukuuliza. Mimi nilikula. Ulikuwa mzuri.

Mtume amesema anayenyang'anya shubiri moja ya ardhi atavishwa shingoni ardhi saba. Kwa mavi ya ng'ombe hakuna onyo la namna hiyo. Maji yanayatoa, na usipokuwa na maji kuna mkeka. Kwa dhuluma, tandika mikeka ukimaliza soko lote la Katesh, bado uko juu yake.

Nadhani ndipo kosa la mgeni wetu lilipo hasa. Pua yake ilimwambia mara moja kilichokuwa sakafuni. Ardhi haina harufu. Angeweza kuswali maisha yake yote juu ya marumaru zilizong'arishwa, kwenye kiwanja kilichochukuliwa kwa mjane, na kila kitu kingenukia udi. Sisemi kwamba ameswali hivyo. Kiwanja chake sikijui. Nasema elimu aliyoibeba ilimfundisha kukagua sentimita ya juu tu.

Wapo watakaoniambia nachanganya mambo, fiqhi ni fiqhi na maadili ni maadili, mwalimu wa chuo afundishe udhu aende zake. Nimewahi kuambiwa hivyo na mwenzangu mmoja, kwa upole, tukinywa chai. Nikamkumbusha kwamba vitabu vyetu wenyewe vimeweka mlango wa najisi na mlango wa unyang'anyi ndani ya jalada moja, kurasa kadhaa mbali. Aliyeviandika alitarajia msomaji atafika huko mbele. Tatizo letu ni kwamba chuoni tunafundisha mlango wa twahara kila mwaka, na ule wa ardhi watoto wanaufikia wakiwa wameshaoa.

Mwaka huu nimeubadilisha mpango. Wakubwa, wa darasa la tano na kuendelea, baada ya sharti za swala tunasoma mas'ala ya ardhi ya kunyang'anya, kwa mifano ya hapa hapa. Walielewa haraka kuliko udhu. Mvulana mmoja akauliza kama njia ya ng'ombe ni mali ya mtu. Nikamwambia ni haki ya wanaopita, na anayeifunga amechukua kisicho chake. Akasema, "Basi kile kiwanja cha mpwa wako?"

Darasa zima likaniangalia.

Kiwanja cha mpwa wangu kiko upande wa ziwani. Alikinunua kihalali kwa maana ya karatasi, aliyemuuzia naye ana karatasi. Lakini uzio wake wa michongoma umekata njia ambayo ng'ombe wa maboma ya juu wamekuwa wakishukia kwenye chumvi ya ziwa tangu kabla sisi Warangi hatujahamia hapa. Wanazunguka sasa, mwendo mrefu, wakipita mashambani mwa watu, na kila wiki kuna ugomvi. Mmoja wa wanaozungushwa ni mama yule wa katambuga.

Mpwa wangu alitaka niende kusoma dua ya kufungua nyumba sakafu itakapokamilika. Ameshaleta maboksi ya gome. Yako stoo kwa fundi mwenzake Katesh, yamefunikwa turubai. Nilimpigia simu usiku ule ule wa darasa. Nikamwambia sakafu yake nimeipenda, magoti yangu yameipenda, na kwamba sitasoma dua yoyote ndani ya uzio ule hadi mkutano wa kijiji ukae na watu wa maboma ya juu wakiwemo, wanawake wao wakiwemo, na njia ipimwe kwa hatua za ng'ombe, si kwa ramani. Akasema ana karatasi. Nikamwambia hata NAFCO walikuwa nazo. Akanyamaza, kisha akaniuliza, na hapa nikajua chuo kilimfikia kidogo alipokuwa mtoto, kama swala zake alizoswali pale wakati wa kujenga inabidi azilipe.

Nikamjibu kwa madhehebu yetu: hazilipwi. Anacholipa ni njia. Mwenyekiti wa kijiji ameitisha kikao baada ya Ijumaa ijayo, na mpwa wangu amekubali kuja na futi kamba yake mwenyewe.